Utamu Hauko Kwenye Kopo la Siagi



Leo tuzungumze juu ya vyakula vitamu. Ni vile vinavyoliwa baada ya chakula, au siku ya sikukuu, au mgeni anapofika nyumbani. Wengine huviita kitindamlo, kwa sababu ndivyo vinavyomalizia mlo.

Siku hizi yapo mawazo yaliyoenea vijijini kwamba kitu kitamu lazima kiwe na siagi. Watu husema keki bila siagi si keki. Husema mkate wa mtoto lazima upakwe siagi ili apate nguvu. Mgeni akifika, mama huona aibu kumpa boga lililopikwa kwa nazi. Hutafuta fedha na kumtuma mtoto dukani.

Maoni yangu ni haya. Mawazo hayo yanatupotezea fedha. Tena yanawanyima watoto wetu chakula kizuri ambacho tayari kiko shambani. Vyakula vitamu vingi tulivyolelewa navyo havina siagi, na havihitaji siagi. Vinafaa kupewa heshima mezani na mkekani, mbele ya mgeni yeyote.

SOMA KWANZA MAANDISHI YA KOPO

Wewe sasa unajua kusoma. Basi tumia kisomo chako dukani. Chukua lile kopo ambalo sote tunaliita siagi. Soma maandishi yake yote, hata yale madogo.

Siagi ya kweli hutoka katika maziwa. Maziwa husukwasukwa mpaka mafuta yake yanajitenga. Lakini vitu vingi vinavyouzwa madukani kwa jina la siagi havikutoka kwa ng'ombe. Ni mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani, yakatiwa chumvi, rangi na vitamini. Jina lake ni majarini. Majarini si sumu. Lakini ni vizuri ujue unachokinunua.

Siagi na majarini nyingi ni mafuta karibu tupu. Katika gramu 100 za siagi, kiasi cha gramu 80 ni mafuta. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni maji. Kwa hiyo mtoto aliyepakiwa siagi kwenye mkate amepata mafuta na unga. Hakupata chakula cha kujenga mwili.

Tena majarini nyingine hutengenezwa kwa mafuta yaliyoongezwa haidrojeni ili yagande. Kazi hiyo isipokamilishwa hutokea aina ya mafuta inayodhuru moyo na mishipa ya damu. Ndiyo maana mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliyataka mataifa yote yaondoe mafuta ya aina hiyo katika vyakula. Viwanda vingine vimekwisha kuacha. Ukiona kopo halikuandikwa kilichomo, liache.

HESABU MWENYEWE

Chukua kalamu na daftari. Andika bei ya kopo dogo la siagi katika duka la kijiji chenu. Chini yake andika bei ya mayai manne. Kisha andika bei ya kopo moja la dagaa, na ya kibaba kimoja cha karanga. Sasa linganisha. Jiulize: kwa fedha hizo, mtoto wangu angekula nini cha kumjenga mwili?

Jambo hili si dogo. Uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania nzima mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila watoto 100 wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mtoto aliyedumaa ni mfupi kuliko umri wake. Akili yake nayo hukua kwa shida, na darasani huchelewa kuelewa. Hali hii huletwa na mambo mengi, kama vile maradhi ya mara kwa mara na maji machafu. Lakini chakula duni ni sababu kubwa.

Lipo jambo linalosikitisha zaidi. Katika vijiji vingi utamwona mtu anauza debe la karanga. Akipata fedha, ananunua siagi ya kumpa mtoto. Karanga zina mafuta, na pia zina protini ya kujenga mwili. Mtu huyu ameuza chakula kilicho bora ili anunue kilicho duni. Wala hakushauriwa na mtu. Ameona tu kwamba kitu cha dukani kina heshima.

VYAKULA VITAMU VISIVYO NA SIAGI

Sasa tutazame vyakula vinne. Vyote vinapikika katika jiko la mafiga matatu.

1. Boga la nazi

Chagua boga lililoiva, lenye nyama ya rangi ya chungwa. Limenye, toa mbegu, ulikate vipande. Mbegu usizitupe. Zioshe, zikaushe, uzikaange. Ni chakula kizuri.

Kuna nazi moja kwa mbuzi. Kamua tui zito, uliweke kando. Kisha kamua tui jepesi. Pika boga kwa tui jepesi, tia chumvi kidogo sana na iliki mbili zilizopondwa. Boga likilainika, mimina tui zito. Koroga polepole mpaka lichemke kidogo, kisha epua. Ukiliacha lichemke sana tui litakatika.

Onja kabla ya kutia sukari. Boga lililokomaa vizuri lina utamu wake mwenyewe.

2. Viazi lishe

Hivi ni viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Rangi hiyo ni dalili ya kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Vitamini A hulinda macho na humsaidia mtoto kupambana na maradhi. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilitolewa kwa watafiti wanne kwa kazi ya kuongeza lishe katika mazao. Watatu kati yao walifanya kazi ya viazi hivi. Mmoja wao ni Robert Mwanga, mtu wa Uganda, jirani zetu. Basi usivione viazi kuwa chakula cha maskini.

Chemsha viazi na maganda yake, kisha vimenye. Viponde. Changanya na karanga zilizokaangwa na kusagwa laini, au tui kidogo. Finyanga madonge. Watoto watayapenda, na hakuna sukari uliyotia.

Mwili hauwezi kuipata vizuri vitamini hiyo bila mafuta kidogo. Ndiyo maana viazi hivi hufaa kuliwa pamoja na karanga au nazi. Bibi zetu walipopika boga na viazi kwa nazi hawakusoma habari za vitamini. Lakini upishi wao ulikuwa sahihi.

3. Mkate wa kumimina

Watu wa pwani wanaujua mkate huu. Bara nako unapikika, mahali penye mchele na nazi. Chukua vikombe viwili vya unga wa mchele. Tia tui zito la vuguvugu, kiasi cha kikombe kimoja na nusu. Ongeza hamira kijiko kimoja cha chai, sukari nusu kikombe, na iliki. Koroga mpaka upate rojo inayomiminika kama uji mzito. Funika, uiache mahali penye joto mpaka iumuke.

Paka sufuria mafuta kidogo, uiweke juu ya moto mdogo. Mimina rojo. Ukiona matundu yametokea juu, funika kwa mfuniko wa bati na upange makaa ya moto juu yake. Punguza moto wa chini. Mkate ukipata rangi ya kahawia juu, uchome kwa kijiti kisafi. Kijiti kikitoka kikavu, mkate umeiva. Nazi imefanya kazi yote ambayo siagi ingefanya.

4. Ndizi mbivu na karanga

Hiki kinawafaa walio mbali na minazi. Chukua ndizi mbivu za kupika. Zichome juu ya makaa na maganda yake mpaka zilainike. Zimenye, uzipasue katikati, unyunyizie karanga zilizokaangwa na kutwangwa. Kazi imekwisha. Hakuna sukari, hakuna sufuria ya kuosha.

KILA MAHALI PANA KITU CHAKE

Msomaji mwingine atasema, "Kwetu hakuna nazi." Sawa. Nchi yetu ni kubwa, na kila mkoa una utamu wake. Mtwara na Lindi wana korosho na ufuta. Tabora wana asali. Dodoma na Singida wana karanga na ubuyu. Kagera na Kilimanjaro wana ndizi. Morogoro na Tanga wana machungwa. Papai humea karibu kila mahali penye joto na maji ya kutosha, hata nyuma ya bafu.

Usisahau kwamba tunda peke yake ni kitindamlo kamili. Embe lililoiva au kipande cha papai kikiletwa baada ya ugali, mlo umemalizika vizuri. Tunda limekwisha kupikwa na jua. Lioshe tu kwa maji safi, nawa mikono kwa sabuni, ukate kwa kisu kisafi.

MASWALI AMBAYO WATU HUULIZA

"Lakini siagi si ina vitamini A?" Ndiyo, siagi ina vitamini A, na majarini nyingi huongezwa vitamini hiyo kiwandani. Lakini vitamini A pia inatokana na viazi lishe, boga, embe, papai, karoti na mboga za majani za kijani. Vingi vya hivyo unaweza kupanda mwenyewe.

"Sisi ni wafugaji, maziwa tunayo. Je, tumwage siagi yetu?" La, hasha. Siagi na samli ya ng'ombe wako ni mali yako. Tumia kwa kiasi. Ninayemsema ni yule anayeuza karanga au mayai ili anunue siagi ya kopo.

"Kama siagi si lazima, basi nazi tule bila kiasi?" Hapana. Lazima tuseme ukweli hapa. Tui zito nalo lina mafuta mengi, na mengi yake ni ya aina ile inayoganda, kama ya siagi. Faida ya nazi ni kwamba unaiangua shambani, na kwamba unaipika pamoja na boga, viazi au mchele. Lakini mtu mzima mwenye uzito mkubwa, au mwenye maradhi ya moyo, apunguze tui kama anavyopunguza siagi. Atumie tui jepesi, au ale tunda.

TUANGALIE NA SUKARI

Tukiondoa siagi tukajaza sukari, tutakuwa hatujafanya kitu. Kashata ni mfano mzuri. Kashata ya karanga au ya nazi haina siagi hata chembe. Lakini inashikana kwa sukari nyingi. Kipande kimoja baada ya chakula kinatosha. Mtoto asitembee na kashata mkononi mchana kutwa, kwa maana meno yake yataoza.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji. Kwa mtu mzima wa kawaida isizidi kama gramu 50 kwa siku. Hizo ni kama vijiko 12 vya chai, vilivyosawazishwa. Shirika hilo likasema kwamba nusu ya kiasi hicho ni bora zaidi. Sasa fanya hesabu. Mtu anayekunywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, amekwisha kula vijiko tisa. Bado hajala andazi, wala hajanywa soda. Asali nayo ihesabu kama sukari.

Ugonjwa wa kisukari na shinikizo la damu si magonjwa ya mjini tu. Vijijini yapo pia. Mara nyingi mgonjwa hajijui mpaka siku anapozidiwa. Dawa ni za kila siku, na ni za maisha yote. Ukiwa na kiu isiyoisha, ukikojoa mara nyingi, ukikonda bila sababu, nenda zahanati ukapimwe. Usingoje.

WATOTO WADOGO

Mtoto wa chini ya miezi sita apewe maziwa ya mama peke yake. Asipewe kitindamlo cha aina yoyote. Akitimiza miezi sita, aanze vyakula vilaini pamoja na kunyonya. Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo uji wake unahitaji mafuta kidogo ili umpe nguvu. Karanga zilizosagwa laini zinafaa sana. Koroga kijiko kimoja katika bakuli la uji, uuchemshe pamoja. Boga au kiazi lishe kilichopondwa na tui kidogo pia kinafaa.

Kumbuka mambo haya matatu.

Kwanza, usimpe mtoto wa chini ya miaka mitano karanga nzima. Anaweza kupaliwa na kufa. Zisage kwanza.

Pili, usimpe asali mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Katika asali huweza kuwamo vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvishinda.

Tatu, karanga zilizoota kuvu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi zitupe. Usizisage, wala usimpe mtu. Kuvu huacha sumu inayoitwa sumukuvu, ambayo huharibu ini. Kukaanga hakuiondoi yote. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua kwa sumu hiyo iliyokuwa katika mahindi, na wengine walikufa. Kausha karanga vizuri juu ya turubai au mkeka, usizianike juu ya udongo. Zihifadhi mahali pakavu, juu ya chaga.

Vyakula vya tui navyo huchacha upesi. Pika kiasi cha kuliwa siku hiyo hiyo.

AIBU TUIONDOE

Wazee watakumbuka kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Watu wazima walikusanyika katika vikundi. Walisikiliza redio, walisoma kijitabu, walizungumza, kisha wakaenda kutenda. Jambo kubwa tulilojifunza wakati ule bado ni kweli: chakula kizuri si lazima kiwe chakula cha bei kubwa.

Fedha si kizuizi peke yake hapa. Kizuizi kingine ni aibu. Mama anajua kupika boga la nazi, lakini anaogopa mgeni atasema hawana kitu. Baba anajua karanga ni chakula, lakini anaona fahari kurudi nyumbani na kopo. Mtoto anaona hayo yote. Anajifunza kudharau shamba la baba yake.

Basi, ndugu msomaji, tuanze katika nyumba zetu. Wewe baba, kabla ya kuuza karanga zote, tenga debe la watoto. Panda mpapai mmoja karibu na nyumba. Wewe mama, mgeni akifika, mkaribishe kwa boga la nazi au ndizi na karanga, bila kumwomba radhi. Mwambie, "Karibu, hiki ndicho tunachokula sisi." Na wewe unayealikwa, kula na ushukuru. Usiulize kwa nini hakuna keki.

Ukimaliza kusoma ukurasa huu, msomee jirani ambaye bado hajajua kusoma.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, ni vyakula gani vitamu vinavyopikwa bila siagi? Vitajeni vyote, na muulize wazee.

2. Bei ya kopo la siagi ingeweza kununua nini kingine kwa ajili ya watoto?

3. Kila mmoja wetu anatia vijiko vingapi vya sukari katika chai kwa siku? Tunaweza kupunguza vingapi?

4. Karanga zetu tunazihifadhi wapi? Je, mahali hapo ni pakavu?

5. Nani ana mbegu za viazi lishe? Kama hakuna, nani kati yetu atakwenda kumwuliza bwana shamba wiki hii?